KUJUA KASORO YA MTAMBO KABLA YA HASARA
(Hotuba kwa wanachama wa Kitui na Makueni)



Nimeombwa nizungumze juu ya mitambo inayoweza kugundua kasoro zake yenyewe. Nitaanza na jambo tunalolijua sote. Kule Kitui, mito kama Tiva na Thua huonyesha mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na maji yamo chini. Mama anayechimba kisima mchangani hayaoni maji yote. Lakini hutazama kina cha shimo, hukumbuka mvua iliyonyesha na mitungi iliyochotwa, kisha hukadiria kwamba maji yatatosha wiki tatu. Juma lijalo akikuta yameshuka kuliko alivyodhani, husahihisha hesabu yake.

Kazi hiyo hiyo hufanywa na kile ambacho mainjinia hukiita mwangalizi. Si mtu, ni hesabu inayokwenda sambamba na mtambo. Hupewa habari za pampu zinazofanya kazi, hukadiria hali ya mahali pasipo na kipimo, kisha hulinganisha makadirio yake na vipimo vilivyopo. Akiona tofauti hujisahihisha kwa sehemu ya tofauti hiyo. Sehemu hiyo ikiwa kubwa mno, atayumba kwa kila mtikisiko wa kipimo. Ikiwa ndogo mno, atachelewa kuujua ukweli. Hesabu za namna hii zilielezwa na Rudolf Kalman mwaka 1960 na David Luenberger mwaka 1964, huko Marekani.

Sasa tuje Makueni. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, urefu wa kilomita 450 hivi, lilianza kazi mwaka 1978. Vituo vyake vya pampu vilikuwa pamoja na Mtito Andei, Makindu na Sultan Hamud. Kati ya kituo na kituo bomba limefukiwa, wala hakuna jicho la kulitazama. Mwezi wa Mei 2015, mafuta yaliyovuja kutoka bomba hilo yalionekana katika mto Thange, upande wa Kibwezi. Maji ya watu na mashamba yao yakaharibika. Bomba jipya la inchi 20 lilianza kutumika mwaka 2018, lakini funzo lile halijapitwa na wakati.

Mwangalizi hujuaje kwamba bomba limetoboka? Mafuta yanayoingia huzidi hesabu yake, yanayotoka hupungua, na nguvu ya msukumo hushuka pande zote mbili. Lakini ikiwa kipimo kimoja tu kinapingana na hesabu na vingine vyote vinakubaliana nayo, basi yaelekea ni kipimo hicho kilichoharibika.

Tatizo ni hili. Vipimo havikosi kutikisika, kwa hiyo lazima uwekwe mpaka: tofauti ikiuvuka, kengele hulia. Mpaka ukiwa chini mno, kengele italia bure usiku kucha, na walio zamu wataizoea. Ukiwa juu mno, tundu dogo halitajulikana. Tuseme kwa mfano bomba linapitisha lita 800,000 kwa saa, na mpaka ni asilimia moja. Tundu linalovuja nusu ya asilimia litamwaga lita 4,000 kila saa, yaani lita 96,000 kwa siku, na kengele itakaa kimya.

Ndugu, kuuweka mpaka huo si kazi ya hesabu peke yake. Ni kuamua hasara ipi ivumiliwe, na ya nani: ya kampuni inaposimamisha pampu, au ya mkulima anayeteka maji mtoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yaagiza kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Basi wajumbe wetu katika kamati hizo yafaa waulize mambo matatu. Mpaka wa kengele ni upi, na nani aliuweka? Kengele zilizolia na zile zilizozimwa zimeandikwa wapi? Na aliye zamu akisimamisha pampu kwa shaka ya kweli, kisha ikaonekana bomba ni zima, je, ataadhibiwa?

Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, mwangalizi hana faida, hata awe hodari namna gani. Kengele haifungi bomba. Hufungwa na mtu, na mtu mwenye hofu ya kupoteza kazi atangoja. Tena raia akija kituoni kusema maji yananuka mafuta, asikilizwe siku ile ile. Naye ni kipimo, na amesimama pale ambapo hatukuweka chochote.