Nani Anaipima Bahari Yetu?

Ukimwuliza mvuvi wa Nungwi au wa Kilwa ni lini maji yatakuwa bamvua, hatafungua kitabu. Ataangalia mwezi. Mwezi ukiandama ni bamvua, ukiwa mpevu ni bamvua, na katikati yake ni maji mafu. Elimu hiyo ni ya kweli na imewalisha watu wa pwani kwa karne nyingi. Lakini mwulize mvuvi yule yule kama bahari ya leo imepanda kuliko ya mwaka 1984, na kwa kiasi gani. Hawezi kukujibu. Mimi pia siwezi, na hata profesa hawezi, mpaka awe na kumbukumbu ya vipimo vilivyochukuliwa mahali pamoja, saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka.

Nasema hivi kwa sababu kila tunapotajiwa ushirikiano wa kimataifa katika utafiti wa bahari, picha inayotujia ni meli kubwa nyeupe yenye wageni na mitambo. Sisi tunajiona wenyeji wa kupunga mkono bandarini. Basi wiki hii nataka tuulizane: Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyoko Zanzibar, inapeleka nini mezani pa wakubwa?

Kazi hii haikuanza jana. Tangu miaka ya 1950 Zanzibar palikuwa na shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki nzima, EAMFRO. Mataifa yalipoamua kuichunguza Bahari ya Hindi kwa pamoja, katika safari kubwa iliyoanza mwaka 1959 na kumalizika 1965, zilitumika meli zipatazo 40. Mwaka 1971 mtaalamu Klaus Wyrtki wa Hawaii alitoa atlasi iliyotokana na vipimo hivyo. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Taasisi ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1978, ya Kenya yenye makao Mombasa mwaka 1979, na TAFIRI ya Tanzania mwaka 1980. Meza na viti tuliweza kugawana. Bahari haikugawanyika. Mkondo unaopita Mafia, Unguja na Pemba kwenda Kenya hauonyeshi pasipoti kwa mtu, na wakati wa kaskazi hukutana na ule unaoshuka kutoka Somalia.

Sasa tuzitazame meli kubwa. Meli ya utafiti ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilipima maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983. Meli nyingine yenye jina hilo hilo, mpya zaidi, ilikuja mwaka 2018. Hesabu mwenyewe: katikati ni miaka 35. Siwalaumu Wanorway, maana kazi yao ni nzuri na wataalamu wetu hupanda humo na kujifunza. Lakini mgeni anayekuja mara moja katika miaka 35 anakuambia bahari ilikuwaje wiki ile aliyopita. Habari za miaka iliyobaki hawezi kukupa.

Hapo ndipo penye thamani ya jambo dogo ambalo hakuna anayelipiga picha. Katika bandari ya Zanzibar kimewekwa kipimo cha maji kujaa na kupwa, na kumbukumbu zake tangu mwaka 1984 zimehifadhiwa katika kituo cha Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuzichukua. Mwaka 2010 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti ulioshangaza wengi. Wakati sehemu nyingine za Bahari ya Hindi zilikuwa zikipanda tangu miaka ya 1960, sehemu ya kusini ya tropiki, upande wa Zanzibar na Shelisheli, ilikuwa imeshuka. Sababu iliyotolewa ni mabadiliko ya pepo, ambayo kwa sehemu yanatokana na gesi zinazoipasha dunia joto. Baadaye satelaiti zimeonyesha kwamba upande wetu nao unapanda. Mtu anayepanga kujenga ukuta Pangani au hoteli ufukweni angepaswa kuyajua yote mawili, kule kushuka na huku kupanda. Akijua moja tu atajenga pabaya.

Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Sumatra ilifika kwetu baada ya saa kadhaa. Watu wakafa pwani ya Dar es Salaam, na habari zilikuwa zimekwishatangazwa duniani tangu asubuhi. Bahari ya Hindi haikuwa na mpango wa kutoa tahadhari. Leo upo, na unategemea vipimo vya namna hiyo hiyo vilivyotapakaa katika bandari za nchi masikini na tajiri. Kimoja kikizimika kwa kukosa betri, pengo halimhusu mwenye bandari peke yake.

Nije kwenye fedha, maana ndiko kwenye kidonda. Kwa miaka mingi Sweden ndiyo iliyosaidia sana kusomesha wataalamu wa Taasisi ile, na pia kuendesha WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi kilichoundwa mwaka 1993 na chenye makao Zanzibar. Tunawashukuru. Lakini fedha ya mhisani huja kwa awamu, na awamu ikiisha gari huegeshwa, na kijana aliyekuwa akipima joto la maji kila wiki hutafuta kazi benki. Mhisani hupenda kulipia jambo jipya. Kupima leo kile kile ulichopima jana hakuvutii mtu, nako ndiko sayansi ya bahari inakotoka.

Wanaoumia kwanza ni kina mama wa mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989 hivi. Aina yenye bei nzuri, wanayoiita cottonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto. Dk. Flower Msuya, akiwa mtafiti wa Taasisi hiyo, alifanya kazi nao kwa miaka mingi, akijaribu kuwapeleka kwenye maji ya kina zaidi na njia nyingine za kupanda, na katika utafiti huo Taasisi imeshirikiana na wenzao wa Uingereza, Ufilipino na Malaysia. Lakini kina mama wengi hawajui kuogelea, na chombo cha kuwafikisha huko kina gharama. Wanachouliza ni rahisi: joto hili ni la mwaka huu tu, au ndiyo basi? Jibu limo katika daftari la vipimo, kama daftari lipo.

Kwa hiyo bajeti zitakaposomwa Dodoma na katika Baraza la Wawakilishi, mimi nitakuwa natafuta fungu moja dogo: mshahara wa wanaotunza vipimo, betri, mafuta ya boti na fundi. Waheshimiwa wa majimbo ya pwani wangeweza kuuliza swali hilo hata kikao kijacho.