Kabla Jina la Mutu Halijapita kwenye Mikro

Neno lililotolewa mbele ya vijana watangazaji wa redio za jamii, Kivu ya Kusini

Sikuja hapa kama mwalimu. Nimekuja kama mutu aliyekosa, na kosa langu lilipita hewani, kartie nzima ikalisikia.

Ile asubuhi nilikuwa naongoza emisio ya simu, ile ambayo watu wanapiga kulalamika: maji hakuna, umeme umekatika, taka zimejaa barabarani. Baba mumoja akapiga, sauti ya upole kabisa. Akasema: «Mwizi wa simu hapa kwetu tunamujua.» Akataja jina, postnom, avenue, hata rangi ya mulango. Na miye nikajibu nini? «Asante baba kwa taarifa.» Nikaweka muziki.

Haikupita hata saa moja, yule kijana alikuwa amezungukwa. Watu walikuwa na mawe, na tairi ilikuwa imeshaletwa. Aliokolewa na mama jirani aliyemufungia ndani ya nyumba yake na kusimama mulangoni. Baadaye tukajua ukweli: aliyepiga simu alikuwa na deni la yule kijana, na hakutaka kulipa. Hakuna simu iliyoibiwa. Tulisahihisha hewani kesho yake, lakini wangapi waliosikia shutuma walisikia pia masahihisho? Kijana alihama. Mpaka leo hajarudi.

Kwenye kikao nilijitetea: «Si miye niliyesema, ni musikilizaji.» Muzee mumoja wa redio akaniuliza: «Na mikro ilifunguliwa na nani?» Nikakosa jibu.

Wandugu, sisi wa Kivu hatuna haja ya kwenda mbali ili tuelewe. Ngambo ya Ruzizi, mwaka 1994, redio RTLM ilitaja watu kwa majina, na fasi walikokuwa. Watu wakauawa. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa ile redio, pamoja na mwenye gazeti Kangura. Sisemi studio zetu ni RTLM. Nasema njia inaanza vilevile: jina la jirani, shutuma bila ushahidi, na mutangazaji anayenyamaza.

Kwa muzee asiyejua kusoma, «redio imesema» ni kama muhuri. Njo maana tuliandika kanuni na kuzibandika kwenye mulango wa studio.

Kwanza, simu haiingii hewani moja kwa moja. Fundi anapokea, anauliza jina, kartie na jambo lenyewe, kisha redio inamupigia yule mutu. Inakula inite, ndiyo. Lakini inite ni rahisi kuliko maziko.

Pili, mukono wa fundi unabaki kwenye kitufe cha sauti. Mutu akianza kumushutumu jirani kwa jina, awe mwizi, awe muchawi, ao akitukana kabila, fundi anakata. Mutangazaji anaeleza kwa heshima kwa nini tumekata. Hakuna kucheka, hakuna kuchochea: «Endelea baba, sema yote!»

Tatu, ujumbe wa simu unasomwa wote kwa kimya kabla ya kusomwa kwa sauti.

Ine, anayeshutumiwa anatafutwa kabla ya emisio. Na kama tumemukosea, haki yake ya kujibu inapita saa ileile, emisio ileile. Si usiku, wakati watu wamelala.

Tano, coupage. Mwanasiasa akilipia saa yake, tunasema wazi kwamba ni tangazo la kulipiwa. Bahasha ya chini ya meza inarudi naye. Najua wengi wetu tunafanya kazi bila mushahara. Lakini aliyekulipa leo, kesho njo atakupangia majina ya kutaja.

Sita, kila emisio inahifadhiwa, na daftari linaandikwa: nani aliongoza, nani alipiga, nini kilikatwa.

Lakini musikilize vizuri: kanuni hizi si za kumufunika mukubwa. Feza ya barabara ikiliwa, tukiwa na karatasi mukononi, na tumemupigia muhusika ili ajibu, tunamutaja. Jina na kazi yake. Hiyo si matusi, ni kazi yetu. Katiba, kifungu cha 23 na cha 24, inalinda uhuru wa kusema na haki ya kupata habari. Kusimamia vyombo vya habari ni kazi ya CSAC kwa sheria, si ya kiongozi anayekuja studio na askari nyuma. Siku atakapokuja kusema «mulichochea watu», ile rekodi na lile daftari njo vitakavyomujibu. Redio isiyojitawala yenyewe inamupa mukubwa sababu ya kuifunga.

Na ninyi munaosikiliza, ninyi munaopiga simu, hii inawahusu pia. Piga simu useme taa ya avenue imekufa, useme nani alipewa feza ya kuitengeneza. Usipige kumaliza ugomvi na jirani.

Nilienda kuomba radhi kwa mama wa yule kijana. Alinipokea vizuri. Aliniuliza swali moja tu: «Mutoto wangu atarudi lini?» Sina jibu. Ninachoweza ni kuhakikisha mama mwingine hatatuuliza hivyo. Kesho, kabla ya emisio ya kwanza, kaeni pamoja, fundi na mutangazaji, muandike kanuni zenu, muzibandike mulangoni.