Kuondoa Mabati Yaliyoliwa na Kutu Katika Pikapu ya Chama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika na makatibu na wanachama, Katonga, Kigoma)



Pikapu ya chama ndiyo inayochukua dagaa kutoka mwaloni Katonga hadi sokoni. Gari likilala, dagaa nao hulala. Kwa hiyo uamuzi wa kuifungua bodi yake si wa fundi peke yake, bali ni wa chama kizima.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maji baridi, lakini chuma hupata kutu popote penye maji na hewa, na chumvi ya samaki huzidisha kasi. Maji yanayochuruzika kutoka katika nyavu na magunia hujificha chini ya mkeka wa sakafu, ndani ya milango na nyuma ya madigadi. Rangi inapovimba nje, ndani bati limekwisha kuliwa.

Kwanza, kagueni. Pitisheni sumaku juu ya bodi ya chuma. Isiposhika, huenda pana puti iliyofunika tundu. Bodi ya Land Rover ya zamani ni alumini kwa sehemu kubwa, hivyo sumaku haitashika. Lakini chesisi yake ni chuma. Igongeni chesisi kwa nyundo ndogo. Ikilia vizuri, ni nzima. Nyundo ikizama, imeoza. Hapo kazi isimame, kwani kubadili mabati juu ya chesisi mbovu ni sawa na kuezeka nyumba yenye nguzo zilizooza.

Pili, jilindeni. Betri iondolewe, na tangi la petroli lishushwe na kuwekwa mbali. Tangi tupu lisidharauliwe: mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka kwa cheche moja. Fundi avae miwani na glavu.

Tatu, kazi yenyewe. Vianze vilivyofungwa kwa bolti: boneti, madigadi, milango. Bolti yenye kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, itiwe mafuta na kuachwa usiku kucha, ikigoma, ikatwe. Mabati yaliyolehemiwa kwa vidoti yatobolewe kwa drili, bati la juu tu. Kabla ya kukata sakafu au nguzo za mlango, kabini itegemezwe na uwazi wa mlango ushikizwe kwa vyuma. Kisha kazi ifanywe upande mmoja kwanza. Bila hivyo kabini hupinda na milango haifungi tena. Bati la zamani lisitupwe, kwa kuwa ndilo kigezo cha kukatia jipya.

Nne, daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mkutano uidhinishe gharama baada ya kupata bei za mafundi zaidi ya mmoja. Kila kilichofunguliwa kiorodheshwe. Vyuma chakavu ni mali ya chama: vipimwe, viuzwe kwa stakabadhi.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi kama hiyo ya kiangazi, gari likiwa halina mzigo, ndiyo ya kutengeneza. Si masika, bati likiwa wazi na mvua inanyesha.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Makatibu, suala la gari liwekwe katika ajenda ya kikao kijacho, na majibu ya sumaku na nyundo yasomwe mbele ya wanachama.