Taka za Mpakani na Usalama wa Raia: Maneno kwa Wakazi wa Busia na Malaba



Wapo watakaouliza polisi wana kazi gani na maganda ya ndizi. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya mengine. Tunaitwa majalalani mara nyingi kuliko mnavyodhani. Tunaitwa pale majirani wawili wanapokaribia kushikana mapanga kwa kuwa mmoja amemwaga taka usiku nyuma ya nyumba ya mwenziwe. Tunaitwa mtoto anapochomwa na sindano iliyotupwa pamoja na takataka za nyumbani. Tunaitwa nyaya na vifuniko vya mitaro vinapong'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Na mnamo Agosti 2024 wenzetu waliitwa Kiteezi.

Wengi wenu mnakumbuka habari ile. Kiteezi iko wilaya ya Wakiso, nje kidogo ya Kampala, na tangu 1996 ndiko taka za jiji zilikokuwa zikimwagwa. Rundo likapanda mwaka hadi mwaka mpaka likawa mlima unaozitazama nyumba za watu kutoka juu. Mvua kubwa ziliponyesha, mlima ukakatika na kuporomoka, ukafunika nyumba, watu na mifugo. Waliokufa walizidi 30, na watoto walikuwamo. Miaka 7 kabla yake, Machi 2017, jalala la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka vivyo hivyo na kuua zaidi ya watu 110.

Tusidhani kwamba mlima wa taka huporomoka kwa bahati mbaya tu. Sehemu kubwa kuliko zote ya taka za miji yetu ni vitu vya kuoza: maganda ya matoke, majani ya mboga, mabaki ya vyakula, nyanya zilizoharibika. Vitu hivyo vikirundikwa bila hewa huoza na kutoa gesi inayoweza kushika moto, pamoja na maji machafu yanayojipenyeza chini ya rundo. Katikati yake kumelala mifuko ya plastiki, miteremko kwa miteremko, mithili ya mabamba ya kuteleza. Mvua ikiingia, uzito unaongezeka, na lile rundo halina kitu cha kulishikilia. Ndiyo maana tunasema kuwa jambo kubwa katika taka si gari la kuzibeba, bali ni kuzichanganya. Ganda la matoke likiwa peke yake ni chakula cha mbuzi. Likichanganywa na sindano, betri na chupa iliyovunjika, halina tena mtu wala mnyama wa kulitaka, na hapo ndipo linapohitaji lori, dereva, mafuta na shimo.

Tuje sasa kwetu mpakani. Hapa tuna jambo ambalo watu wa Kampala hawana. Maji ya upande wa Busia huelekea Mto Sio, ambao kwa mwendo fulani ndio mpaka wenyewe wa nchi mbili, kisha humwaga katika Ziwa Viktoria. Mto Malaba nao hushuka kutoka Mlima Elgon, ukapita kati ya Malaba yetu na Malaba ya Kenya, lakini wenyewe haufuati njia ya Sio: hugeuka magharibi, ukaungana na Mpologoma na kuingia Ziwa Kyoga. Maji ya Ziwa Viktoria hutoka Jinja kwa njia ya Nile, nayo pia huingia Kyoga. Kwa hiyo chupa iliyotupwa mtaroni Busia na chupa iliyotupwa mtaroni Malaba zaweza kukutana ziwani, ingawa ziliondoka kwa njia mbili tofauti na hakuna ofisa yeyote aliyezigongea muhuri. Mvuvi anayenasa kaveera badala ya samaki hawezi kujua ilitoka nchi gani, na kwake si neno la maana.

Tumetaja kaveera, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, hasa vijana. Sisi twaiita kaveera. Jirani zetu wa Kenya huiita juala au karatasi, ijapokuwa si karatasi hata kidogo, na Watanzania waliizoea kwa jina la rambo. Majina ni mengi, lakini sheria hazilingani, na kutolingana huko ndiko kunakowaponza watu wa mpakani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Hapa Uganda, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza mifuko ya plastiki iliyo myembamba kuliko mikroni 30, yaani sehemu 30 kati ya sehemu 1,000 za milimita moja. Jicho la mwanadamu halipimi mikroni. Mwenye duka hujitetea kuwa yake ni minene, mnunuzi hana kipimo, na mfuko unaendelea kuonekana sokoni kana kwamba hakuna sheria.

Basi mtu akiuona umezagaa upande huu hudhani ni bidhaa kama chumvi au sabuni. Anafunga robota, anampa kijana wa bodaboda, na kijana anapita njia ya panya kwa malipo yasiyozidi nauli ya siku. Kijana huyo hajui alichokibeba. Sheria ya Kenya inamtoza mwenye kupatikana na hatia faini isiyopungua shilingi za Kenya milioni 2 na isiyozidi milioni 4, au kifungo cha kuanzia mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Kazi ya bodaboda ilizaliwa hapa hapa mpakani, tangu zama za baiskeli zilizovusha watu kutoka kituo kimoja hadi kingine, hata jina lake limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Ni kazi ya heshima. Inatusikitisha kuona kijana anauza pikipiki, na pengine shamba la babake, kwa ajili ya robota la mifuko ambalo mwenyewe hakulinunua. Mwenye mali, aghalabu, huwa hakuvuka. Yeye hubaki dukani akingoja habari.

Akina mama wa sokoni, hatuna nia ya kumwinda mtu aliyefungiwa nyanya zake ndani ya kaveera moja. Tunaomba tu kwamba unayekwenda kuuza ng'ambo, mfuko uuache huku, wala si kuudondosha mita chache kabla ya kizuizi, kama wengi wafanyavyo. Maana upepo wa alasiri huubeba na kuupeleka mtaroni. Chukueni kapu, kiondo au gunia. Mama zetu walivuka kwa vikapu miaka mingi, na samaki walifika.

Kuhusu taka za kuoza, tunawapongeza waliokwisha kuanza. Wafugaji hupita sokoni jioni kuchukua maganda ya matoke, na mahali pengine huyalipia. Kampala na kwingineko viko vikundi vinavyoyakausha maganda, kuyachoma kwa kiasi hadi yawe mkaa, kuyasaga na kuyafinyanga kuwa makaa ya kupikia. Wengine, huku na Kenya, hulishia taka za jikoni mabuu ya nzi mweusi, kisha mabuu hayo wakawapa kuku na samaki. Ajabu ya mabuu hayo hatutaieleza zaidi, tusije tukawaharibia hamu ya chakula cha mchana. Lakini mwenye kuku asilidharau jambo hili. Vyote hivyo vinataka sharti moja tu: ndoo mbili nyumbani badala ya moja. Ndoo ya kwanza iwe ya vinavyooza, na ya pili iwe ya vikavu. Kenya imelitia sharti hilo katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022, kwamba kila nyumba itenganishe. Sisi tungependa lianze kwenu kabla halijaletwa na askari.

Chupa za plastiki zina wanunuzi wanaozipima kwa kilo. Waokota chupa, ambao baadhi yetu huwafukuza kwa matusi, wanatufanyia kazi ambayo hakuna aliyewaajiri kuifanya. Tunawaomba viongozi wa mitaa wawaandikishe na kuwatambua. Anayetambuliwa hasingiziwi wizi kila nguo inapopotea kambani, na sisi hupunguziwa kesi zisizo na ushahidi.

Kuchoma taka ni jambo linalotutia hofu zaidi. Mtu hukusanya plastiki, viatu vikuukuu na vipande vya tairi, akawasha moto jioni, watoto wakauzunguka wakiota. Moshi wa plastiki ni sumu. Zaidi ya hayo, vibanda vyetu vya sokoni ni vya mbao na turubai, navyo vimebanana, na si mbali na hapo wapo wanaouza petroli kwenye chupa. Moto mdogo wa jalala katika mazingira hayo huweza kuteketeza soko zima kabla gari la zimamoto halijafika. Sindano, dawa zilizopitwa na muda na betri visichomwe wala visitupwe ovyo. Duka la dawa lililozizalisha ndilo lenye wajibu wa kuzifikisha kituo cha afya chenye tanuri.

Kuna pia foleni za malori. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kilipofunguliwa Busia mwaka 2018 safari za kuvuka zimekuwa nyepesi, lakini siku za msongamano madereva hulala barabarani, na asubuhi kando ya barabara huonekana chupa ambazo ndani yake si maji ya kunywa. Dereva naye ni binadamu asiye na choo. Vyama vya wasafirishaji na halmashauri za miji, kaeni chini mlimalize jambo hili kwa vyoo na mapipa, kwa sababu faini peke yake haitaliondoa.

Sasa, sisi polisi tutafanya nini? Tutafuata wenye maghala ya mifuko iliyokatazwa, kwa kushirikiana na mamlaka ya mazingira. Uganda na Kenya mamlaka hizo zina jina moja, NEMA, na inafaa zishirikiane kama dada wa nyumba moja. Tutalifuatilia kila gari linalomwaga taka kandokando ya mto usiku. Mkiliona, msilizuie wenyewe. Andikeni namba ya gari, saa na mahali, mmpelekee mwenyekiti wa LC au ofisa uhusiano wa kituo. Ndugu zetu wa ng'ambo, chifu wenu na nyumba kumi zenu watatufikishia. Jina la mleta habari halitatajwa mbele ya mshitakiwa. Na askari yeyote akikuomba kitu kidogo ili akusamehe kosa la taka, tuletee jina au namba yake, nalo hilo ni kosa kubwa kuliko kaveera.

Kabla hatujaingia katika maswali, tunawaomba wenyeviti wa masoko yote mawili watupatie, kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, mahali pawili: pa kurundika maganda yanayongoja wafugaji, na pa kuwekea vikavu, pote pawe mbali na mtaro. Tutakuja kupaona pamoja nanyi, asubuhi, kabla soko halijachangamka. Mama aliyenyoosha mkono pale nyuma tangu mwanzo, tafadhali, wewe uwe wa kwanza kuuliza.