MOTO WA JIKONI NA MFUKO WA MKULIMA
Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Katika miaka kumi hii tumezungumza mara nyingi juu ya bei ya mazao yetu. Leo twaomba ruhusa kusema juu ya fedha iteketeayo jikoni baada ya mazao kwisha kuuzwa. Wanachama wengi wametuuliza: je, mtu akiacha mkaa akashika gesi, huokoa fedha kweli, au hubadili tu yule wa kumlipa?

Huko Uingereza mwenye nyumba aweza kuihama kampuni moja ya umeme akaenda kwa nyingine iliyo rahisi. Kwetu walio wengi hununua umeme kwa shirika moja tu, TANESCO. Basi kuhama kwetu ni kuhama moto wenyewe. Nayo Serikali yatuhimiza: mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 wakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipika kwa nishati safi. Shabaha hiyo ni njema kwa afya na kwa misitu. Lakini mfuko nao wastahili hesabu yake.

Hesabu ni hii. Kilo moja ya gesi ina joto la megajuli 46 hivi. Kilo ya mkaa ina 30 hivi. Jiko la gesi hufikisha chunguni kama nusu ya joto lake. Jiko la mkaa la bati hufikisha kama sehemu moja katika tano, na jiko banifu lililo zuri kama theluthi. Kwa hiyo mtungi wa gesi wa kilo 6 hufanya kazi ya kilo 23 hivi za mkaa katika jiko la bati, au kilo 14 katika jiko banifu. Kila mmoja na alinganishe kwa bei za kijijini kwake.

Lakini nani kati yetu ajuaye kilo za mkaa wake? Mkulima asiyekubali mazao yake yakisiwe kwa macho, hununua mkaa kwa kopo bila kuuliza uzito. Mizani ya ghala ipo, na itumike. Mtungi nao upimwe: uzito wake ukiwa mtupu umeandikwa juu yake, na unaozidi ndio gesi uliyoilipia.

Basi jibu letu si moja kwa watu wote. Anunuaye mkaa kwa kopo na kupikia jiko la bati ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuokoa, maana bei ya rejareja ndiyo kali. Anunuaye kwa gunia yafaa kwanza ajaribu jiko banifu. Aokotaye kuni haokoi shilingi. Aokoacho ni saa za akina mama na watoto, na macho yao na moshi. Hilo ni kubwa, lakini tusimwambie kuwa ni fedha.

Wajumbe mtaombwa kuamua kama Chama kikopeshe mitungi. Ushauri wetu ni kwamba tuanze na wanunuzi wa mkaa, na kila mkopaji aweke akiba ya kujaza mtungi siku ile ile alipwapo mazao yake. Mapato yetu huja kwa msimu, bali chungu huchemka kila siku. Mtu aliye na deni la mtungi mtupu, naye amerudi kwenye mkaa, hakuhama, amejiongezea mdai.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kukopa, kila nyumba na iandike matumizi ya jikoni kwa mwezi mmoja. Daftari hilo ndilo litakalowajibu kwa hakika kuliko sisi.