Kabla Kisangani haijawa ya nne
Gerezani Kongo, mfungwa asiye na ndugu wa kumletea sahani ya chakula hushinda na njaa. Lakini kwa mwanamke njaa si hofu pekee. Septemba 2020, gereza la Kasapa, Lubumbashi, wanawake walibakwa siku tatu mfululizo. Septemba 2024, Makala, Kinshasa, wakabakwa tena. Januari 2025, Munzenze, Goma: zaidi ya 150 walibakwa, wengi wakateketea kwa moto. Mara tatu! Nani atasema hakujua?

Wizara ya Sheria ilinde wanawake wa Gereza Kuu la Kisangani leo: ua wao wenyewe, walinzi wa kike usiku kucha, sabuni na pedi kwenye bajeti. Na mahakimu wapitie upesi mafaili ya wanaosubiri hukumu, wakianza na akina mama wanaonyonyesha.