Hita ya Umeme Ofisini Wakati wa Kipupwe
Wasikilizaji wanakumbushwa kwamba kuanzia Juni hadi Agosti, yaani msimu wa kipupwe, baridi huzidi jijini Nairobi na katika nyanda za juu kama Njombe, na baadhi ya wafanyakazi huwasha ofisini hita, yaani kifaa kinachogeuza umeme kuwa joto. Hita moja huweza kutumia wati 2,000, mzigo mkubwa mno kwa ekstensheni nyembamba au inayobeba vifaa vingine, kwa kuwa waya ukizidiwa hupata moto, ganda lake huyeyuka, na ofisi huweza kuungua.

Kwa hiyo, hita ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, iwekwe mita 1 kutoka kwenye karatasi na mapazia, na ichomolewe kabla ya mtumiaji kuondoka. Jiko la mkaa lisiingizwe ofisini kamwe, kwa sababu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua.

Anayehisi baridi aanze kwa kuvaa sweta na soksi nzito, azibe nyufa za madirisha, kisha akubaliane na wenzake kuhusu zamu za hita. Jambo kuu likumbukwe: hita ichomekwe ukutani, isichomekwe kwenye ekstensheni.